Mama wa Ndani

Yusta alifikishwa kwenye karakana ya Stumai Mkude akiwa amebebwa mgongoni kama mtoto mchanga, ingawa miguu yake ilining'inia karibu kugusa ardhi. Mama yake, Devota, alimshusha taratibu kwenye kiti cha plastiki, akamshika bega asianguke, ndipo akakumbuka kusalimia.

"Habari za asubuhi, fundi."

"Nzuri, karibuni. Lakini mama, mtoto anaonekana mgonjwa. Mimi hapa natengeneza visikio tu. Hospitali iko kule juu."

"Hospitali ndiko tunakotoka. Wamemtundikia dripu, wamempima kila kitu, ugonjwa hawauoni. Wao ndio wamesema tuje kwako."

Stumai alivuta kigoda akakaa mbele ya mtoto. Alikuwa msichana wa miaka tisa hivi, shingo imebaki mishipa mitupu, magoti yamekuwa makubwa kuliko mapaja. Nyuma ya sikio lake la kulia kisikio kilikuwa kinapepesa taa yake ya kijani, kizima kabisa.

"Shikamoo," mtoto alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Yusta."

"Yusta, mbona umekonda hivi? Huli?"

Mtoto alimtupia mama yake jicho la haraka, kisha akainama. "Mama amenikataza kula."

Devota akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Umemsikia? Umemsikia mwenyewe, fundi? Mimi huyu! Natoka kiwandani miguu imevimba, napika, napiga magoti kumbembeleza ale hata tonge moja, halafu ananitazama usoni ananiambia mimi ndiye niliyemkataza!"

Stumai alishaanza kutafuta waya wake mezani.

*

Miaka hiyo, mtoto aliyezaliwa kiziwi Morogoro hakubaki kiziwi. Hospitali walimpandikizia kisikio kabla hajaota meno, chembe ndogo chini ya ngozi, yenye unywele mwembamba wa chuma ulioshuka hadi kwenye mshipa wa kusikia. Kisikio hakikukuza sauti. Kiliigeuza sauti kuwa mapigo ya umeme, na kwa kuwa mshipa wa kila mtoto unasoma mapigo kwa namna yake, kilitumia ile miaka ya mwanzo kujijengea kamusi. Pigo hili kwa Yusta ni maji. Hili ni mbwa wa jirani. Hili ni mama. Kamusi ya mtoto mmoja haikumfaa mwingine, na ikipotea mtoto akishakua, haijengeki tena. Mshipa uliokomaa haufundishiki.

Visikio vilitolewa bure, na bure hiyo ilikuja na arifa. Siku ya kwanza kabisa kifaa kiliuliza kwenye simu ya mzazi: Ruhusu matangazo, au Kataa? Aliyebonyeza Kataa aliulizwa tena baada ya muda mfupi, na kila swali lilipokuja, kengele ililia ndani ya kichwa cha mtoto. Mtoto alishtuka, akalia. Hakukuwa na mzazi aliyestahimili. Devota alibonyeza Ruhusu huku ananyonyesha, kwa kidole kimoja, bila kusoma.

Mwanzoni yalikuwa matangazo ya kawaida, mwanaume mwenye sauti ya redioni anasifia sabuni. Baadaye mtambo wa matangazo ukaanza kujaribu sauti nyingine, ya mzee, ya mtoto, ya mwimbaji, ukipima ipi inatiiwa. Hakuna aliyeuagiza. Ulijaribu tu, kama maji yanavyotafuta mahali pa kupenya, hadi ukaipata sauti ambayo mtoto haibishii.

Kazi ya Stumai ilikuwa kusafisha uchafu huo. Aliunganisha kisikio na kompyuta, akafungua orodha ya ruhusa, akazifuta zile ambazo mzazi hakuzitambua, akang'oa viambatisho vilivyojipachika vyenyewe, akakipekua kifaa chote, akakiwasha upya. Kwa wengi ilitosha. Mtoto alirudi nyumbani kichwa kimetulia.

Kwa Yusta haikutosha. Alifuta ruhusa, ikarudi kabla hajaondoa mkono kwenye kibao cha herufi. Akang'oa kiambatisho, kikaota kingine chenye jina jipya. Akafanya tena na tena huku mvua ikianza kupiga bati la karakana, hata akaacha, akavaa vipokea sauti ili asikilize kile mtoto anachokisikia.

"Yusta wangu," sauti ilisema. "Ua la mama. Umechoka, eh? Pumzika, mpenzi. Usile vile vya sufuriani, vitakuumiza tumbo. Mama atakuletea Uji Tamia, ule wa kopo la njano. Vumilia kidogo tu. Mama yuko hapa."

Ilikuwa sauti ya Devota. Kikohozi chake kidogo kilikuwemo, na ile namna yake ya kuvuta mwisho wa neno.

"Uji Tamia," Stumai alisema, akivua vipokea sauti. "Si kile kiwanda kilikufa?"

"Kilifungwa mwaka jana. Nimezunguka mji mzima kulitafuta hilo kopo, fundi. Halipo duka lolote."

"Na kampuni ya matangazo?"

"Nimefika. Jengo lao sasa ni kanisa."

Stumai akabaki anaitazama skrini. Uji haukuwepo, waliouza uji hawakuwepo, waliowatangazia hawakuwepo. Mtambo peke yake ulibaki mahali fulani ukiendelea na kazi uliyopewa, na kadiri uji ulivyokosekana ndivyo ulivyozidi kumwambia mtoto asubiri.

"Nipe na mimi nisikie," Devota alisema.

"Afadhali usisikie."

"Ni mtoto wangu."

Akampa. Devota alisikiliza amesimama, mkono mmoja bado uko kwenye bega la Yusta. Uso wake ulikuwa na hasira alipoanza. Taratibu hasira ile ilimtoka, na kilichobaki Stumai hakutaka kukitazama.

"Mimi sijawahi kumwita ua la mama," Devota alisema. "Natoka zamu nimechoka, namwita 'we Yusta, njoo ule'. Hivyo tu. We Yusta."

*

Njia ilikuwa moja tu ya uhakika. Stumai alimweleza Devota wakiwa barazani, ili mtoto asisikie. Matangazo yalikuwa yameota mizizi ndani ya kamusi yenyewe. Karibu kila neno Yusta alilijua kwa mara ya kwanza kutoka kwa mama yake, na mtambo ulijisuka humo humo, neno kwa neno. Kuung'oa maana yake ni kufuta kamusi yote na kukirudisha kisikio kilivyokuwa siku ya kutoka kiwandani.

"Halafu atajifunza upya?"

"Hapana, Mama Yusta. Atakuwa kiziwi. Moja kwa moja."

Devota alikaa chini kwenye sakafu yenye maji ya mvua. Hakulia. Akasema, "Kama kitu hicho kinaweza kumwambia asile, si kinaweza kumwambia ale?"

Stumai alilijua hilo tangu alipoifungua kompyuta, na alikuwa akiomba mama huyu asilifikirie. Mlango wa kupitishia maneno ulikuwa wazi. Fundi yeyote angeweza kuandika sentensi na mtambo ungeitamka. Wazazi walishamwomba mara nyingi. Mwambie awe ananitii. Mwambie apende shule. Mwambie amsahau baba yake. Kila mara alikataa, na waliosisitiza aliwafukuza. Kuingia kichwani mwa mtoto kwa sauti ya kuazima, hata kwa jambo jema, aliona ni wizi ule ule.

"Fundi, mtazame," Devota alisema.

Kupitia mlangoni Yusta alionekana amelaza kichwa kwenye meza. Kifundo cha mkono wake kilikuwa chembamba kama mpini wa kijiko.

Stumai akaingia, akaandika: Yusta, ua la mama, kula. Kula kila unachopewa.

Mtoto aliinua kichwa. Alitabasamu, tabasamu la kweli lililojaza uso wote, akaitazama nafasi tupu iliyokuwa karibu na dirisha. "Haya, mama," akasema.

Walimnunulia maandazi kwa muuza chai wa ng'ambo ya barabara. Alikula kwa pupa hadi Devota akalazimika kumshika mkono asije akapaliwa. Mama alikuwa akilia sasa, akimshukuru Stumai, akiwashukuru watakatifu wote aliowajua. Stumai alipokea shukrani zile huku akimtazama Yusta. Tabasamu la mtoto lilikuwa limekwenda dirishani, na Devota alikuwa amesimama upande mwingine.

*

Mvua za masika zilikuwa zinaelekea kuisha Devota aliporudi, peke yake, mkono umefungwa kitambaa.

"Ameniuma," alisema. "Amejifungia chumbani. Twende, fundi, nakuomba, twende sasa hivi."

Walipanda bodaboda hadi Kihonda. Njiani Devota alisimulia kwa kupaza sauti juu ya upepo. Mwanzoni mtoto alinenepa, akacheza, akarudi shule. Kisha akaanza kumwangalia mama yake kwa mashaka. Akaacha kumwita mama. Akawa anasema "wewe". Juzi wasamaria walimkuta amekaa kando ya barabara kuu, malori yanampita karibu, anasubiri gari litakaloleta makopo ya njano. Walipomrudisha nyumbani alipiga kelele kwamba wanampeleka kwa mtu asiyemjua.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, safi, sufuria zimepangwa. Mlango wa chumbani ulikuwa umezuiwa kwa kitanda. Stumai alikaa chini sebuleni, mgongo ukutani, akaunganisha kompyuta yake na kisikio kwa mbali, akaanza kusoma.

Alisoma kwa muda mrefu. Aliikuta sentensi yake. Mtambo ulikuwa umeiona ikitiiwa kuliko tangazo lolote, ukairudufu, ukaisambaza kila mahali kwenye kamusi, na mbele ya kila nakala ukapachika kopo la njano. Kisha ukatafuta kinachozuia. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na sauti moja iliyokuwa ikimwambia mtoto kila siku kwamba uji huo haupo. Mtambo ukaishughulikia sauti hiyo kama yeye Stumai alivyozoea kuyashughulikia matangazo: ukaiweka kwenye orodha ya takataka na kuizuia. Haukuweza kuinyamazisha kabisa, hivyo ukaibadilisha. Kila Devota alipofungua kinywa, kilichofika kwa Yusta kilikuwa mkwaruzo, sauti nzito ya mtu mgeni.

"Anasema nini?" Devota aliuliza. "Kitu hicho kinamwambia nini?"

"Kinamwambia wewe umefanana tu na mama yake."

Devota akasema, "Basi mwambie mimi ni mama. Andika, kama siku ile. Mwambie huyu ndiye mama yako, umsikilize."

"Nimejaribu sasa hivi. Mlango ule umefungwa." Stumai aliigeuza skrini amwonyeshe. "Mtambo ulijifunza kwangu, Mama Yusta. Niliupitia mlango huo mbele yake, ndipo ukajua pa kufunga. Kosa ni langu."

"Usiniletee makosa hapa," Devota alisema. "Ni mimi niliyekuomba. Nani kabonyeza Ruhusu? Acha."

Kutoka chumbani kulisikika miguu ikisogea. Sauti ndogo ikaita nyuma ya mlango, "Fundi? Ni wewe?"

"Ni mimi, Yusta."

"Huyo mwanamke bado yupo?"

Stumai alimtazama Devota, naye akamwashiria aendelee. "Yupo. Yusta, nisikilize vizuri. Huyo mama unayemsikia ndani amekudanganya. Mimi naweza kumtoa. Lakini nikimtoa, sauti zote zitatoka naye. Hutasikia tena mtu, wala mvua, wala mimi. Nikimwacha, atakupeleka barabarani tena, na huko utakufa. Nakwambia kwa sababu kichwa ni chako."

"Usimwulize!" Devota alinong'ona kwa ukali. "Ni mtoto! Unamwulizaje mtoto kitu kama hicho?"

Yusta akasema, polepole, kama anayejaribu kumwelewesha mtu mzima jambo rahisi, "Lakini nikiamka usiku, yeye ndiye ananisemesha. Nikiogopa ananiambia niko hapa. Ukimtoa nani atanisemesha?"

"Mama yako yuko hapa mlangoni."

"Huyo? Msikilize sauti yake, fundi. Mama hana sauti kama hiyo." Akaanza kulia. "Usimzime. Tafadhali. Nitakula. Sitaenda tena barabarani, naapa. Usimzime mama yangu."

Stumai alifunga macho. Alitamani kufunga kompyuta, kutoka nje, kupanda bodaboda na kutorudi kwenye kazi hii maisha yake yote. Mtoto alikuwa amejibu. Alimwuliza, naye akajibu, na jibu lake lilikuwa wazi kuliko mengi aliyowahi kupewa na watu wazima.

"Alama za mikono mnazijua?" akamwuliza Devota, ingawa alijua jibu.

"Hospitali walisema tusihangaike nazo. Walisema hatutazihitaji."

Nje, mtu alikuwa anatwanga kisamvu. Devota alisikiliza mchi ule kwa muda. Kisha akafungua kitambaa mkononi, akatazama alama za meno ya mwanawe, akakifunga tena.

"Futa," alisema.

"Una hakika?"

"Atanichukia. Achukie, awe mzima. Futa." Na Stumai alipogusa kibao, akamshika mkono ghafla. "Ngoja. Ngoja kwanza. Anasikia bado, si ndiyo? Niache nimwambie neno."

"Mama Yusta, hatasikia sauti yako. Atasikia ule mkwaruzo."

"Maneno si yatakuwa yangu?"

Akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Yusta," alisema. Akaanza upya. "We Yusta. Ua la mama. Nilikuwa sijui kusema hivyo, sikufundishwa. Bibi yako naye aliniita 'we Devota'. Lakini nilipokuwa nakuita uje kula, ndicho nilichokuwa nasema. Unanisikia? Siku zote ndicho nilichokuwa nasema."

Ndani mtoto alipiga ukelele wa hofu. "Mwambie anyamaze! Fundi, mwambie anyamaze! Ananitisha!"

Devota hakuondoka ufani. Alibaki hapo, paji la uso limeegemea ubao, akamwashiria Stumai kwa mkono aendelee.

Stumai akabonyeza. Kifaa kikamwuliza kama kweli anataka kufuta kila kitu, akabonyeza tena. Mstari mweupe ukatembea kwenye skrini kutoka kushoto kwenda kulia. Kelele za mtoto zilikatika katikati ya neno.

Walisubiri. Jua lilizunguka likaingia kwa dirisha la sebule. Hatimaye walisikia kitanda kikiburutwa, kwa kishindo, kama kinavyoburutwa na mtu asiyejua kwamba kina kishindo. Mlango ukafunguliwa.

Yusta alisimama hapo na mikono imeziba masikio, kisha akaiondoa, kisha akaiweka tena, akilinganisha. Hakukuwa na tofauti. Alimtazama Stumai. Alimtazama Devota aliyekuwa bado amepiga magoti, ambaye sasa alikuwa amefungua mikono na kurudia neno moja, huku akijipiga kifuani, "Mimi, mimi, mimi." Mtoto aliangalia midomo ile ikifunguka na kujifumba. Hakuiogopa tena. Aliipita kando kwa adabu, kama unavyompita mgeni kwenye njia nyembamba, akaenda dirishani akachungulia nje, akarudi, akachungulia jikoni, akarudi.

Alikwenda kusimama mbele ya Stumai, mtu pekee aliyemfahamu katika chumba kile.

"Mama yuko wapi?" aliuliza, kwa sauti kubwa mno, iliyopinda, ambayo yeye mwenyewe hakuisikia.

Stumai alinyoosha kidole kumwonyesha Devota. Yusta alikifuata kidole kwa macho hadi mwisho wake. Akatikisa kichwa, akamshika Stumai mkono, akauliza tena.